Mpiga Picha na Mkanda Wake Laini

Mpiga Picha hakuwahi kumaliza kikombe cha chai nyumbani kwetu. Alikunywa nusu, akasimama, akachungulia mlangoni kuona jua limefika wapi, akarudi na kuketi kwenye ncha ya kiti. Kabla mama hajamwongezea sukari alikuwa amekwisha kujitwika mkoba wake wa ngozi na kuaga. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyezunguka Nyamwaga nzima akiwaambia wenzake watulie. Alimwambia bibi harusi tulia, akamwambia mchungaji tulia, na siku moja nilimsikia akimwambia hivyo ng'ombe wa mahari aliyekuwa akivuta kamba. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo salamu yake.

Namwelewa, kwa sababu na mimi sikai. Ninauza viatu vya mitumba Sirari, asubuhi niko upande huu wa mpaka, mchana niko kwa shangazi upande wa Kenya, na mume wangu huwaambia watu kwamba mimi hulala nimefunga kamba za viatu. Mtu asiyetulia humtambua mwenzake mapema. Humkera pia mapema, na Mpiga Picha alinikera kwa miaka mingi kabla sijajua kwa nini.

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wakurya walidhani ni Mjaluo, Wajaluo walidhani ni Mkurya wa milimani, naye aliwaitikia wote kwa lugha zao na kuziharibu zote kidogo. Nilichojua ni vidole vyake, vilivyokuwa na rangi ya kahawia kwa dawa za kusafishia picha, na jicho lake la kushoto, ambalo lilizoea kufumbwa hata lilibaki dogo kuliko la kulia. Alivaa shati la mikono mirefu kiangazi na masika. Akija kuleta picha alikaa kando, akakutazama unavyoitazama, na usipoisifu haraka alianza kukueleza mwenyewe uzuri wake uko wapi.

Jambo aliloliamini kuliko yote lilikuwa mkanda laini wa kamera. Siku moja aliingia jikoni kwa mama bila kuomba ruhusa, akachota unga wa sembe kwa vidole na kuumwaga mezani. Pembeni yake akamwaga chenga za mahindi tulizokuwa tumewawekea kuku. Mimi na kaka yangu Mwita tuliitwa tuje kuona.

"Ndani ya mkanda kuna chembe," alisema. "Mwanga ukiingia, chembe ndizo zinazoushika. Mkanda ulioandikwa ASA mia una chembe kama huu unga. Mkanda wa ASA mia nne una chembe kama hizi chenga. Sasa niambieni, mkitaka kuchora uso wa mtu mezani hapa, mtachora kwa kipi?"

"Kwa unga," Mwita alisema.

"Mura, kijana wangu, una akili," alijibu Mpiga Picha, na mama akamwambia akiisha kuchora ausafishe huo unga, hajasaga ili watu wachorane nyuso.

Mkanda laini una kasoro yake, na hakuificha. Unataka jua, na unataka mtu asitikisike. Wapiga picha wengine wa Tarime walinunua mkanda wa chenga kwa sababu unashika picha hata jioni, hata mtoto akirukaruka. Yeye aliwadharau wazi. Alisema wanapiga picha za haraka kwa ajili ya watu wa haraka, halafu akaondoka mbiombio kuwahi harusi Nyamongo.

Alitamba kwamba picha ya mkanda wake inaweza kukuzwa hata uso wa mtu ujae ukuta mzima, nyusi zikiwa zimepangika. Neno hilo alilisema kwenye misiba, kwenye foleni ya kinu, na mbele ya watu wasiomuuliza. Jambo la ajabu ni kwamba sikumbuki hata nyumba moja iliyokuwa na picha yake kubwa. Picha zake zote zilikuwa ndogo, za kuingia kwenye kiganja. Ukimwomba kubwa, karatasi za saizi hiyo hazijafika kutoka Musoma. Karatasi zikifika, dawa imeharibika. Baba, alipokuwa hai, alitaka picha yake ya uzee wa kanisa iwe kubwa ya kuning'inia sebuleni. Alisubiri hadi akachoka, kisha akaletewa fremu kubwa kweli, lakini ndani yake kulikuwa na kadibodi nyeupe pande zote na baba mdogo katikati.

"Hii ni staili ya kisasa," Mpiga Picha alimwambia.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka, na fremu ile iligeuzwa ikawa sinia la kukaushia karanga.

Kamera za dijitali zilipofika kwetu, Mpiga Picha alizipokea kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Kijana mmoja alifungua studio karibu na stendi, akabandika nje tangazo la megapikseli zake, na kila aliyepita pale alisimamishwa na Mpiga Picha akapewa somo. Alisema chembe za mkanda zimetawanyika zenyewe, hakuna zilizopangana sawa, ndiyo maana ukisogea karibu jicho halioni mshono. Dijitali ni vijumba vya mraba vilivyopangwa mistari kama wanafunzi paredi, na ukikuza sana unaanza kuwaona wanafunzi badala ya shule. Kijana wa studio alimjibu kwa adabu kwamba vijumba vyenyewe siku hizi ni vingi na vidogo kuliko hizo chembe. Wakabishana hadi mchungaji akaamua wapimane.

Wote wawili walipiga picha ya kwaya, siku ileile, jua lilelile, na picha zikapelekwa Mwanza zikakuzwa saizi moja. Zilitundikwa ukutani kanisani na watu wakapita kama wanaoaga maiti. Katika ya dijitali uliweza kusoma maandishi ya ngoma na kuona nyuzi za gitaa. Katika ya mkanda ngoma ilikuwa na maandishi ambayo ungeyasoma tu kama uliyajua tangu mwanzo. Lakini gauni jeupe la kiongozi wa kwaya, ambalo kwa yule kijana lilikuwa weupe mtupu, kwa Mpiga Picha lilikuwa na mikunjo yake yote, na ngozi za wanakwaya zilikuwa ngozi zao, hakuna aliyekuwa kijivu. Kina mama wakampa ushindi Mpiga Picha, wanaume wakampa kijana. Mchungaji, ambaye alitegemea pande zote mbili kwa sadaka, alitoa sala ya kufunga.

Mpiga Picha hakuondoka. Alibaki pua imegusana na ukuta, akihama kutoka picha moja kwenda nyingine. Nilimwuliza anatafuta nini.

"Lenzi yangu ina ukungu," alisema. "Si kosa la mkanda."

Baada ya miezi michache nilimkuta Sirari, amejibanza nyuma ya ofisi za uhamiaji, anawapiga watu picha za pasipoti kwa kamera ndogo ya dijitali. Aliponiona aliirudisha kwenye mkoba wa ngozi, chini ya ile ya mkanda, haraka kama mtu aliyefumaniwa.

"Hii ni ya watu wenye haraka, binti," aliniambia.

Nilimwambia hata mimi nina haraka, anipige. Alinipiga, na picha ilikuwa nzuri, na hakunisamehe kwa kumwambia hivyo.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa kuchekwa tu. Alikuwa akivuka mpaka kwa miguu kupeleka picha za harusi kwa ndugu wa upande wa pili ambao hawakuweza kuja, na huko alikaa akawaeleza nani ni nani, nani alilia, nani alikula mara mbili. Hakutupa negativu hata moja, vile vipande vya mkanda uliokwisha kusafishwa. Nyumba yake ilivuja ila makopo ya negativu hayakuvuja. Na kwenye misiba alikubali kupiga waombolezaji, wapishi, hata mbwa, lakini marehemu hakumpiga. Watu walimwomba, wengine walikasirika. Alikuwa akisema yule hamhitaji mtu wa kumwambia atulie, na alisema kwa sauti ya chini isiyokuwa yake. Vilevile alikuwa na hasira za karibu. Aliwahi kuacha harusi katikati kwa sababu mgeni mmoja aliinua simu mbele yake wakati keki inakatwa.

Sasa nimfikie Mwita, maana bila Mwita nisingeandika haya.

Mama anaitwa Mama Mwita hadi leo, ingawa Mwita hayupo. Alikuwa kaka yangu wa kwanza, mrefu, mwenye jino la mbele lililovunjika kwa kuanguka kwenye mwamba, na maneno mengi. Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, alitaka kwenda kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kule Nyakunguru. Mama alikataa. Waligombana siku kadhaa mfululizo kwa Kikurya cha nguvu, na hata siku ya Krismasi walikuwa hawasemeshani vizuri. Jioni ya siku hiyo Mpiga Picha akapita kwetu, kama alivyopita kila nyumba siku ya Krismasi watu wakiwa bado na nguo mpya. Tukapanga mstari nje. Mama alikaa kwenye kiti, mimi nilisimama mbele yake, baba nyuma, Mwita pembeni kabisa kushoto.

Picha ilikuja ndogo kama picha zake zote. Sisi tunaangalia kamera. Mwita ameipa kamera nusu ya mgongo, uso umeelekea nje ya picha, na uso wenyewe ni kama punje ya mahindi, huoni jicho wala mdomo. Mama aliitazama akasema, "Amenuna. Hata siku ya Krismasi ameninunia." Ikawekwa ndani ya Biblia.

Mwita alikwenda Nyakunguru baada ya mwaka mpya bila kuaga. Kabla ya Pasaka kifusi kilimwangukia. Waliomfukua walimleta kwenye jeneza lililokwisha kupigwa misumari, na wazee wakaamua lisifunguliwe. Mama aliomba amwone uso. Walikataa, na naamini walikuwa na sababu, lakini sijawahi kuwapenda tangu siku hiyo.

Kwa hiyo uso wa mwisho ambao mama alikuwa nao ni ule wa punje ya mahindi, uliogeuka, ulionuna.

Mwaka jana tuliamua kulijengea kaburi lake. Siku hizi watu huweka vigae, na Tarime mjini kuna duka linalochapa picha ya marehemu juu ya kigae. Wanangu walisema tuweke msalaba tu inatosha. Mama alinivuta pembeni.

"Ghati, uso wake unanitoka," alisema. "Nikifumba macho nawaona nyote. Baba yako namwona. Yeye simwoni. Namwona mgongo."

Tangu aliponiambia hivyo sikuweza kukaa hata dukani. Nilipeleka picha mjini. Kijana wa duka akaiskani, akaikuza kwenye kompyuta, na uso wa kaka yangu ukageuka vijumba vya mraba, vya kahawia na vyeusi. Akaikuza tena, vijumba vikawa vikubwa zaidi. Nilimwambia aache.

"Dada, kwenye karatasi hii hakuna kitu tena," alisema. "Picha yenyewe ni ndogo mno. Tafuteni negativu. Kama ilipigwa kwa mkanda mzuri, humo ndimo alimo."

Mkanda mzuri. Nilicheka peke yangu pale dukani. Mtu aliyetamba miaka yote kwamba chembe zake zinaujaza ukuta, basi siku yake ilikuwa imefika.

Mpiga Picha alikuwa amehamia kijiji cha Robanda, kando ya mbuga, kwa binti yake, mpishi kwenye kambi moja ya watalii. Nilipata namba yake, nikampigia. Alifurahi, akaniuliza viatu, akaniuliza mama. Nilipotaja picha ya Krismasi maswali yakaisha.

"Ipo," alisema. "Negativu zangu zote zipo. Ila nyumba hii ina vumbi, binti, huwezi kufungua negativu kwenye vumbi."

Wiki iliyofuata ilikuwa mvua. Halafu macho yake. Halafu alisema binti yake amefunga kabati na ufunguo uko kambini. Halafu hakupokea simu. Nilimtukana kimoyomoyo kwa lugha zote tatu ninazozijua. Sikumwambia mama, lakini mama si mjinga, alinisikia nikizungukazunguka uani. Siku moja asubuhi alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Twende," alisema. "Mtu huwezi kumkimbia akiwa amekaa mbele yako."

Niliazima gari la shemeji yangu, tukapita Mugumu, na mchana tukawa Robanda. Hatukumkuta nyumbani. Jirani alituelekeza shambani, na huko tukamkuta amechuchumaa kwenye mahindi yaliyolala chini. Tembo walikuwa wamepita. Watu wa pale hupiga picha ya uharibifu ili wakidai kifuta jasho serikalini wawe na ushahidi, na kazi hiyo sasa ilikuwa yake, kwa kamera ileile ya dijitali ya Sirari. Alikuwa amezeeka sana. Alikuwa akimwelekeza mama mmoja aweke mguu wake kando ya unyayo wa tembo ili ukubwa uonekane, na bila shaka alimwambia atulie.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba," alijibu bila kugeuka, kisha akageuka. Alipomwona mama akasimama taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mama Mwita."

"Nimekuja kumwona mwanangu," mama alisema.

Hakuleta tena habari za vumbi. Tulikwenda nyumbani kwake, akafungua sanduku, akatoa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa plasta. Ndani kulikuwa na vipande vya negativu vilivyozungushiwa karatasi, na mchele kidogo wa kunyonya unyevu. Alichukua kompyuta kibao ya binti yake, akawasha kioo kikawa cheupe chote, akaweka negativu juu yake. Akaipiga picha kwa karibu kwa ile kamera ya dijitali, akaihamishia kwenye kile kibao na kugeuza rangi. Nilitaka kumtania kwamba dijitali ndiyo inamsaidia mkanda kuona. Lakini mama alikuwa amekwisha kusogea mezani, nikaacha.

Wao wawili walizungumza Kikurya, mimi nayaandika kwa Kiswahili.

Alianza kukuza kwenye shati la Mwita. Kilikuja kifungo, na matundu ya kifungo, na uzi. Yale majigambo yake yote yalikuwa kweli. Nilisikia mama akivuta pumzi. Mzee akapandisha picha polepole hadi kwenye shingo, hadi kwenye uso, na uso haukuwepo. Palikuwa na kitu kilichopakwa, kama mtu amepitisha kidole kwenye rangi mbichi. Akakuza, chembe zikaanza kuonekana, laini kama unga, na ndani ya unga hakukuwa na jicho. Chini ya kidevu palikuwa na doa.

"Hilo ni uchafu wa negativu," alisema haraka.

"Kuza," mama alisema.

"Mama Mwita, hapa ndipo mwisho wake."

"Ulisema mkanda wako hauna mwisho."

 Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaipunguza picha, akaipunguza tena hadi ikaonekana negativu nzima, na kushoto kwa Mwita kukatokea watu. Walikuwa majirani zetu wa wakati ule, familia nzima, wamejipanga mstari kama sisi, na katikati ya familia mbili kulikuwa na mfereji mdogo uliochorwa ardhini.

"Ilikuwa ya mwisho kwenye mkanda," Mpiga Picha alisema. "Na nyinyi mlikuwa mnanisubiri, na wao walikuwa wananisubiri, na jua linazama. Nikachora mstari kwa kisigino, nikawapanga huku na huku. Nikatoa picha moja, nikaikata kwa wembe, kila mtu akapata yake. Nilifanya hivyo mara nyingi, Mama Mwita. Nusu ya Nyamwaga imepigwa picha na nusu nyingine bila kujua."

Mama alikuwa hasikii habari za wembe. Alikuwa ameweka kidole juu ya bibi wa wale majirani, marehemu sasa, aliyekatazwa tumbaku na kanisa. Bibi ameketi wima, ametulia kuliko wote, amekunja mikono ndani ya kanga. Na kutoka kwenye shingo ya kanga, moshi mweupe unapanda.

"Alikuwa ameficha kiko," mama alisema.

"Kilikuwa kinawaka," alisema Mpiga Picha. "Mimi nilikuwa nimefumba jicho moja, sikuona. Mwita akaona. Nilisema tulia, wote mkatulia, yeye akaangua kicheko. Mkanda laini, jioni ile, nilifungua jicho la kamera kwa muda mrefu. Wangekuwa wenzangu na chenga zao wangempata. Mimi nilimharibu."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka."

"Ulijua lini?"

"Nilipousafisha mkanda. Siku ya pili yake."

Mama aliondoa kidole kwenye kioo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mimi nimeharibu picha? Nikaitoa ndogo ili isionekane." Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. "Kisha akafa. Nikaogopa zaidi."

"Nimemwombea msamaha mtoto huyu kila Krismasi," mama alisema. "Kwamba nilimwacha akaondoka amenuna. Wewe ulikuwa unakuja kwangu, unakula kwangu, na kicheko chake kiko kwenye kopo."

Akainuka akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama kando ya gari, ameshika mlango bila kuufungua. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutojua niweke wapi mikono. Nilitaka kutoka, nilitaka kubaki, nilitaka kulirusha lile kopo porini tembo walikanyage. Mzee akasafisha koo.

"Hata dijitali, binti," alisema, "mtu akitikisika, hata iwe na megapikseli za namna gani..."

"Mzee, nyamaza kidogo," nilimwambia. Sikuwahi kumwambia mtu mzima hivyo, na sijutii.

 Aliinamisha kichwa, na machozi yakadondoka juu ya kioo cha kile kibao, naye akayapangusa upesi kwa mkono wa shati kabla hayajafika kwenye negativu. Nilimhurumia bila kutaka.

Mama alirudi. Alisimama mlangoni.

"Wewe ulimwona," alimwambia. "Hakuna mwingine aliyekuwa anamtazama saa ile. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Alivyocheka. Simama pale ukutani."

Mpiga Picha alinitazama mimi, kama naweza kumwokoa. Kisha akasimama, akaenda ukutani, akajiweka kama mtu anayepigwa picha. Alikaa hivyo kidogo, halafu akageuza shingo kushoto ghafla na kufungua mdomo. Alikuwa mzee mwenye meno machache anayecheka bila sauti, na sikuona chochote cha kaka yangu.

"Si hivyo," mama alisema. "Hukumwona vizuri. Yeye alianza na bega. Bega hili linapanda kwanza, kabla ya kichwa." Akaliinua la kwake. "Halafu anainama kidogo. Halafu mkono unakuja mdomoni, huu wa kulia, anaficha lile jino. Macho yanafumbwa. Sauti inakuja mwisho kabisa, ukidhani ameshamaliza."

Mpiga Picha aliangalia kile kibao mezani, akasogeza uso karibu na lile doa chini ya kidevu, akalitazama.

"Kumbe ni mkono," alisema.

"Ni mkono wake," mama alisema. "Nilikuambia, unapita hapa. Haya, bega."

Mzee akapandisha bega.

"Zaidi. Sasa inama. Mkono."

Akafanya. Mama alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa umekunjuka wote, ukafanana na uso nilioujua utotoni kabla ya Nyakunguru.

"Ndiye huyo," alisema. "Fanya tena."